Toledo au Segovia: Kuchagua Mji wa Kuwapeleka Wanafunzi kwa Siku Moja Kutoka Madrid

Anayepanga ziara ya wanafunzi waliofikia Madrid hukutana na uamuzi huu mapema: siku iliyobaki katika ratiba ni moja, fedha zilizotengwa ni chache, na miji miwili ya kale, Toledo upande wa kusini na Segovia upande wa kaskazini-magharibi, yote inafikika kwa treni ya kasi katika muda wa takriban nusu saa. Yote miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Segovia tangu 1985 na Toledo tangu 1986. Yote ina kanisa kuu na kasri, na kila mmoja una wapenzi wake wanaoapa kwamba mwenzake hauufikii. Nimeongoza makundi ya vijana katika miji yote miwili, wengi wao wakiwa wanafunzi wa Afrika Mashariki, na msimamo wangu nitausema tangu mwanzo: Toledo ina mengi zaidi ya kufundisha, lakini huwanyima wale waliokwenda bila kujiandaa, ilhali Segovia humfaa hata kijana ambaye hajasoma ukurasa mmoja kuihusu. Kwa hiyo, kabla ya kuulizana mji upi ni mzuri, mpangaji amtazame mwanafunzi wake kwanza.

Safari yenyewe

Treni ya Toledo huondoka katika kituo cha Puerta de Atocha na kufika baada ya dakika 35 hivi. Ya Segovia huondoka Chamartín, kaskazini mwa Madrid, hupita chini ya milima ya Guadarrama katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 28, na hufika kwa muda usiopita nusu saa kwa mengi. Kwa kutazama saa peke yake, Segovia ingekuwa mbele. Hata hivyo, kituo chake cha treni ya kasi, Segovia-Guiomar, kilichofunguliwa Desemba 2007, kimejengwa uwandani nje ya mji, na kutoka hapo kundi zima hulazimika kupanda basi la mji ili lifike kwenye mfereji wa maji wa Warumi, ule uliojengwa juu ya matao. Mtu mmoja au wawili hawatalihisi jambo hilo, lakini wanafunzi 40 wakishuka pamoja hulijaza basi mara moja, nusu yao hubaki wakisubiri jingine, na zile dakika zilizookolewa handakini huishia kituoni.

Toledo haina tatizo hilo. Kituo chake kiko ng'ambo ya mto Tajo, chini ya mji, na jengo lenyewe, lililofunguliwa 1919 kwa mtindo wa kuiga mafundi wa Kiislamu wa zamani, linastahili dakika kumi za kutazama vigae, madirisha ya rangi na dari yake. Kutoka hapo mtu mzima hutembea dakika ishirini na kitu, anavuka daraja la Alcántara na kupanda hadi uwanja wa Zocodover. Ni mpando wa kweli, na mwenye tatizo la magoti apande basi.

Kwa kundi kubwa linaloelekea Segovia ningependelea basi la kawaida linaloondoka Moncloa. Huchukua saa moja na kitu, nauli yake huwa chini ya ile ya treni ya kasi, na humshusha abiria katika stendi iliyo umbali wa kutembea kwa miguu hadi kwenye mfereji. Toledo nayo ina basi lake kutoka Plaza Elíptica. Umbali si mkubwa, kilomita 70 hivi kwa Toledo na 90 hivi kwa Segovia, na shule au chuo chenye wanafunzi wa kutosha kinaweza kukuta kwamba kukodi basi zima kunapunguza gharama kwa kila kichwa na kumwondolea mwalimu hofu ya kuchelewa treni. Wanaochagua treni wakumbuke kwamba viti huwa na nambari, kwamba mizigo hukaguliwa kabla ya kuingia jukwaani, na kwamba tiketi za kurudi jioni za Jumamosi na Jumapili huisha mapema. Zinunuliwe siku moja na zile za kwenda. Kila mwanafunzi abebe pasipoti au kitambulisho, pamoja na kadi ya uanafunzi, kwa sababu majengo mengi ya miji hii hutoa punguzo kwa wenye kadi hiyo.

Kutembea ndani ya mji

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Segovia imelala juu ya mwamba mrefu mwembamba, na ziara yake hufuata karibu mstari mmoja: unaanzia chini ya mfereji, unapanda barabara ya waenda kwa miguu hadi Plaza Mayor na Kanisa Kuu, kisha unaendelea mpaka mwamba unapokwisha, penye kasri la Alcázar. Ni takriban kilomita moja na nusu. Mwanafunzi aliyebaki nyuma akipiga picha hawezi kupotea, kwani akiendelea mbele atawakuta wenzake.

Toledo imezungukwa na mto pande tatu, na ndani ya kitanzi hicho njia zimejikunja, zimepanda na kushuka, zikagawanyika na kukutana tena bila mpangilio unaoonekana. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atavielewa vichochoro vile kwa haraka, lakini wengine hupotea. Katika ziara yangu ya kwanza nililigawa kundi mara mbili bila kukusudia, na tulitumia saa nzima kutafutana kati ya Kanisa Kuu na mtaa wa zamani wa Wayahudi, saa ambayo ilitunyima nafasi ya kuingia jengo moja tulilolilipia. Tangu siku hiyo huwagawa vijana katika vikundi vya watu wanane au tisa, kila kimoja na kiongozi wake, na hupanga mahali pa kukutana panapojulikana na wote. Kwa wale wanaotoka upande wa magharibi au kaskazini ya mji, ngazi za umeme zilizojengwa kando ya Paseo de Recaredo hupunguza sehemu kubwa ya kupanda.

Toledo inafundisha nini

Mji huu ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Visigothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala Hispania baada ya Warumi, na hapa, katika mtaguso wa 589, mfalme Recaredo na watu wake walithibitisha kuingia kwao katika imani ya Kikatoliki. Waislamu waliuchukua mwanzoni mwa karne ya 8, wakauita Tulaytula. Mfalme Alfonso wa Sita wa Castilla aliuteka mwaka 1085, na kuanzia hapo Wakristo, Waislamu na Wayahudi waliendelea kuishi ndani ya kuta zile zile chini ya utawala wa Kikristo. Wanafunzi wengi hulijua hilo kwa jina tu. Toledo huwapa majengo ya kulithibitisha, na pia majengo ya kuwaonya wasilipambe kupita kiasi.

Jengo la kwanza ninalowapeleka ni dogo kuliko wanavyotarajia: msikiti wa Bab al-Mardum, unaoitwa leo Cristo de la Luz. Maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyopangwa kwa matofali ukutani yanataja kwamba ulikamilishwa katika Muharram ya mwaka 390 wa Hijria, yaani kuelekea mwisho wa 999. Ndani yake kuna vyumba tisa vidogo vya mraba, na dari ya kila kimoja imesukwa kwa matao tofauti na jirani yake. Baadaye uligeuzwa kanisa na kuongezewa sehemu ya madhabahu kwa matofali ya aina ile ile. Kijana anayejua kusoma herufi za Kiarabu husimama mbele ya ukuta ule na kuanza kuzifuatisha kwa kidole hewani, na mimi humwacha afanye hivyo kwa muda autakao, kwa sababu hakuna maelezo yangu yatakayomfikisha hapo.

Kisha yapo masinagogi mawili. Santa María la Blanca, lenye matao meupe ya umbo la kiatu cha farasi, lilijengwa kwa ajili ya Wayahudi kwa ufundi ambao jicho la haraka lingeuita wa msikiti, ndani ya mji wa mfalme Mkristo, na tangu mwanzoni mwa karne ya 15 lina jina la Bikira Maria. El Tránsito lilijengwa karibu na 1357 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro wa Kwanza, na jasi ya kuta zake imechongwa maandishi ya Kiebrania na ya Kiarabu. Samuel mwenyewe alikamatwa kwa amri ya mfalme huyo huyo na kufa kwa mateso. Mwaka 1492 Wayahudi wote waliokataa ubatizo walifukuzwa nchini. Mwalimu anayeiita Toledo mji wa tamaduni tatu, halafu akaishia hapo, anawadanganya wanafunzi wake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba El Tránsito, ambalo leo ni makumbusho ya Wayahudi wa Hispania, lisirukwe hata kama muda ni mfupi. Lakini lisipangiwe Jumatatu, kwani siku hiyo hufungwa.

Jambo kubwa kuliko yote halina jengo. Katika karne ya 12 na ya 13 Toledo ilikuwa mahali ambapo elimu iliyoandikwa kwa Kiarabu, ikiwemo ile ya Wayunani iliyohifadhiwa kwa lugha hiyo, ilipita na kuingia Ulaya. Gerardo wa Cremona alitoka Italia akitafuta kitabu cha falaki cha Ptolemy, akajifunza Kiarabu, akakaa Toledo hadi kufa kwake 1187, na kazi alizozitafsiri hupita 70, miongoni mwazo Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina. Kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na watu wawili: mmoja, Myahudi au Mkristo aliyekulia katika Kiarabu, alisoma na kueleza kwa lugha ya watu wa mtaani, na mwingine akaandika kwa Kilatini. Chini ya Alfonso wa Kumi, aliyezaliwa Toledo 1221 na kuitwa Mwenye Hekima, tafsiri zilianza kuandikwa kwa Kikastilia chenyewe. Kwa mwanafunzi aliyekua akisikia lugha tatu kila siku, ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza au Kifaransa, habari hii si ngeni hata kidogo, na nimeona vijana waliokuwa kimya asubuhi nzima wakiamka wanapoambiwa kwamba lugha tatu katika kichwa kimoja ziliwahi kuwa mtaji wa bara zima.

Lugha yenyewe huwapa daraja jingine. Zocodover ni soko la wanyama kwa Kiarabu, na soko hilo ndilo soko letu. Alcázar ni kasri. Alcántara ni kantara, neno ambalo kamusi zetu bado zinalihifadhi kwa maana ya daraja. Meya wa Hispania huitwa alcalde, neno lililotokana na kadhi. Fulano ni fulani, na hasta ni hata. Nawaambia wanafunzi wayatafute maneno hayo mitaani kabla ya chakula cha mchana, na hakuna zoezi lililowahi kunifaa zaidi.

Kanisa Kuu, lililoanzishwa 1226 mahali palipokuwa na msikiti mkuu na kukamilika 1493, ni kubwa mno kwa kundi lenye haraka. Nashauri vitu vitatu tu: dirisha la nuru liitwalo Transparente, lililotobolewa katika paa na Narciso Tomé katika karne ya 18, mchoro wa El Greco katika chumba cha mavazi ya ibada, unaoonyesha Kristo akivuliwa vazi, na kikanisa ambamo ibada ya kale ya Wakristo walioishi chini ya Waislamu inaendelea mpaka leo. Jumapili asubuhi kuna ibada, na watalii huingia baada ya mchana. El Greco, mzaliwa wa Krete aliyefika Toledo 1577 na kufia hapo 1614, anapatikana pia katika kanisa la Santo Tomé, penye mchoro wake uitwao Mazishi ya Bwana wa Orgaz. Ukumbi wa mchoro huo ni mdogo na foleni ni ndefu.

Segovia inafundisha nini

Mwanafunzi hufika chini ya mfereji wa Segovia na kuuelewa kwa macho. Warumi waliujenga katika karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2 ili kuleta maji kutoka milimani, umbali wa takriban kilomita 15, na penye bonde la Azoguejo matao yamepandana ngazi mbili kufikia urefu wa mita 28. Mawe ya graniti yameshikana kwa uzito wake bila chokaa wala saruji. Juu ya mawe mengi huonekana vishimo vidogo, ambavyo ni alama za koleo za chuma zilizoyanyanyua. Maji hayakusukumwa na chochote isipokuwa mteremko uliopimwa kwa uangalifu, na kabla ya kufika mjini yalipitishwa katika birika la kutulizia mchanga. Wanafunzi wa uhandisi, hisabati na jiografia hawahitaji zaidi ya hapo. Wapewe kamba ya kupimia na dakika 40, wakadirie urefu kwa kutumia vivuli, wahesabu matao, kisha wayatafute matao 36 yaliyojengwa upya katika karne ya 15 na waseme yametofautiana wapi na yale ya Warumi. Kuutazama mfereji hakulipiwi, jambo ambalo mweka hazina wa kundi atalifurahia.

Hata hapa neno letu limo: Azoguejo maana yake ni kisoko, kutoka mzizi ule ule wa Kiarabu.

Alcázar ya Segovia ndiyo inayopigwa picha zaidi, ikiwa imesimama kwenye ncha ya mwamba ambapo mito ya Eresma na Clamores inakutana. Kutoka hapa Isabel alitoka Desemba 1474 kwenda kutangazwa malkia wa Castilla. Ni vema wanafunzi waelezwe kwa uwazi kwamba moto wa 1862 uliharibu sehemu kubwa, na kwamba mengi wanayoyaona ndani ni matengenezo ya baadaye. Mnara wake una ngazi 152, na mandhari ya juu yanawastahili wenye pumzi. Kanisa Kuu lilianzishwa 1525 baada ya lile la awali kuharibiwa katika vita vya Comuneros, yaani uasi wa miji ya Castilla dhidi ya mfalme, na ni miongoni mwa makanisa ya mwisho makubwa ya Kigothi nchini humo. Ni zuri, na nusu saa inalitosha.

Baada ya hapo Segovia imekwisha, kwa maana njema: saa tano au sita zinatosha, na vijana hubaki na muda wa kukaa bustanini mbele ya Alcázar wakizungumza. Katika Toledo sijawahi kumaliza.

Chakula, hali ya hewa na gharama

Segovia inajivunia mtoto wa nguruwe aliyechomwa, na mikahawa mingi ya katikati ya mji imejengwa juu ya sifa hiyo. Kwa kundi lenye Waislamu hilo ni jambo la kupanga mapema. Maharagwe makubwa ya La Granja nayo mara nyingi hupikwa pamoja na nyama ya nguruwe, hivyo ni lazima kuuliza. Toledo si tofauti sana, kwani mchuzi wake maarufu wa carcamusas ni wa nguruwe pia, ila mazapán yake, iliyofinyangwa kwa lozi na sukari, humfaa kila mtu na huuzwa hata na watawa wa kike. Mimi huwaagiza wanafunzi wabebe chakula, au wanunue mkate wenye kimanda cha viazi. Anayetegemea mkahawa ajue kwamba Wahispania hula mchana kuanzia saa nane hivi kwa hesabu yetu, na jikoni nyingi kabla ya hapo hazijawa tayari.

Segovia iko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Januari ni baridi kali yenye uwezekano wa theluji, na Julai ni afueni kwa anayekimbia joto la Madrid. Toledo wakati wa Julai na Agosti ni tanuri, na sitamshauri mtu yeyote kupandisha vijana vilima vile baada ya saa saba mchana. Kwa gharama za kuingia, Segovia ni nafuu kwa sababu unaingia majengo mawili tu ya kulipia. Katika Toledo kila mlango una tiketi yake. Upo ukanda wa mkononi unaofungua majengo saba, ukiwemo msikiti, Santa María la Blanca na Santo Tomé, lakini haujumuishi Kanisa Kuu wala El Tránsito, na wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika mlangoni.

Nani aende wapi

Wanafunzi wa historia, dini, lugha na tafsiri waende Toledo, ilimradi wapewe somo la saa mbili siku iliyotangulia na wafike mjini kabla ya saa nne asubuhi. Wanafunzi wa uhandisi na sayansi, kundi lililofika Hispania jana na bado lina uchovu wa ndege, kundi lenye watoto wa sekondari wanaohitaji kuonekana muda wote, au lenye mtu anayetembea kwa shida, liende Segovia. Ikiwa kundi ni mchanganyiko na mpangaji hana muda wa kuliandaa, Segovia ni chaguo la haki zaidi, nami nalisema hilo ingawa moyo wangu uko Toledo.

Wapo wanaotaka kuiona yote miwili kwa siku moja kupitia Madrid. Inawezekana kwa ratiba ya treni, ila watakachokumbuka ni vituo. Ávila, yenye kuta zake za mzunguko wa kilomita mbili na nusu, inafaa kwa ziara ya pili. Córdoba ina msikiti mkuu ulioanzishwa katika karne ya 8 ambao hakuna jengo la Toledo linaloweza kuufikia, lakini ni karibu kilomita 400 kutoka Madrid, na tiketi za treni kwa kundi zima zitameza bajeti.

Kwa waliochagua Toledo, mpangilio uliokuja kunifaa baada ya kujaribu mingi ni huu: ingieni kwa ngazi za umeme kutoka upande wa kaskazini, anzeni na msikiti wa Bab al-Mardum kabla haujajaa watu, pitieni Kanisa Kuu, mle chakula, kisha mshuke mtaa wa Wayahudi mpaka El Tránsito. Saa ya mwisho msiingie jengo lolote. Rudini Zocodover, mteremke mpaka daraja la Alcántara, mgeuke katikati yake na kuutazama mji wote juu ya mwamba, halafu mtembee dakika chache zilizobaki hadi kituoni.